Sherlock Holmes, Mtetezi wa Anayeshukiwa

 Naomba tumzungumzie mtu ambaye anwani yake inajulikana duniani kote, nyumba namba 221B, mtaa wa Baker Street, London, ingawa mtu mwenyewe hakuwahi kuwapo. Mwaka 1932 shirika moja la kukopesha fedha za kununulia nyumba lilifungua ofisi zake kubwa katika mtaa huo, na namba hiyo ikaangukia ndani ya jengo lake. Barua zikaanza kumiminika. Hazikuwa za wateja wa shirika, zilikuwa za Sherlock Holmes. Zilikuja nyingi, tena kwa miaka mingi, hata shirika likalazimika kumpa mfanyakazi kazi ya kuzijibu. Wapo waliokuwa wakimsalimu tu, na wapo waliokuwa wakimwomba awasaidie katika mambo yaliyowashinda. Sasa tujiulize, msikilizaji: mtu wa kwenye vitabu anaandikiwaje barua za kuombwa msaada? Ana nini huyu mpelelezi hata watu wasikubali kwamba ni wa kubuni?

Kwa wale ambao hawajakutana naye, nitaeleza kwa ufupi. Sherlock Holmes aliundwa na Arthur Conan Doyle, daktari mzaliwa wa Edinburgh, Uskoti. Alitokea kwa mara ya kwanza mwaka 1887, na hadithi yake ya mwisho ikachapishwa mwaka 1927. Kwa jumla ni riwaya 4 na hadithi fupi 56, na nyingi kati ya hizo zinasimuliwa na rafiki yake, Dakta Watson, anayekaa naye nyumba moja. Mwaka 1893 Conan Doyle alichoka naye, akamwangusha kwenye maporomoko ya maji ya Reichenbach huko Uswisi. Wasomaji walighadhabika, na maelfu wakaacha kununua jarida lililokuwa likizitoa hadithi zile. Miaka 10 baadaye mwandishi alisalimu amri, akamrudisha akiwa hai. Tangu hapo hajafa tena. Amechezwa jukwaani, redioni, kwenye filamu na kwenye televisheni, na bado anasomwa.

Ukiwauliza watu sababu, wengi watakujibu kwamba ni akili. Holmes anamtazama mgeni mara moja tu, akamwambia kazi anayofanya na safari aliyotoka. Conan Doyle mwenyewe alisema kwamba tabia hiyo aliitoa kwa mwalimu wake wa udaktari, Dakta Joseph Bell wa Edinburgh, aliyekuwa akimsoma mgonjwa kabla mgonjwa hajafungua kinywa. Sikatai kwamba akili ile inapendeza, lakini nasema haitoshi. Kitendawili kikishateguliwa huwa kimekwisha utamu, na hakuna anayekaa kukitegua mara ya pili. Hadithi za Holmes watu wanazirudia, na wanazirudia wakiwa wanamjua mhalifu tangu ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo kinachowarudisha si jibu. Hoja yangu ya leo, msikilizaji, ni hii: Sherlock Holmes hafi kwa sababu anafanya jambo ambalo kila mmoja wetu angependa afanyiwe siku akisingiziwa. Anakataa kuhukumu kabla ya ushahidi. Sifa yake inayosemwa sana ni kuwakamata wabaya. Mimi nasema kilichomjengea makao katika mioyo ya watu ni kuwatetea wanaoshukiwa bure.

Tuanze na mfano wa kwanza, hadithi ya Kito cha Buluu, iliyochapishwa mwaka 1892. Kito cha thamani kubwa kimeibwa katika chumba cha hoteli, mali ya bibi mmoja mkubwa wa ukoo wa kitajiri. Siku ile ile fundi bomba aitwaye John Horner alikuwa ameitwa chumbani humo kulehemu chuma kilicholegea. Horner alikwisha kupatikana na hatia ya wizi zamani. Basi, polisi wanataka nini zaidi? Alikuwapo, ni maskini, na ana doa. Akakamatwa. Alilia na kukana, na alipoambiwa kesi yake inapelekwa mahakama ya juu, akazimia pale pale, akatolewa kwa kubebwa. Kito chenyewe kinakuja kuonekana ndani ya bata bukini wa Krismasi, na ni bata huyo ambaye wasomaji humkumbuka. Lakini tusimwangalie bata tu. Tumwangalie Horner aliyeko rumande. Holmes anafuatilia alikotoka bata yule usiku wa baridi, kutoka kilabu hadi kibanda cha sokoni, mpaka anamfikia mtumishi wa hoteli aliyeiba kito, yule yule aliyemwita Horner chumbani makusudi kwa kuwa alijua historia yake. Mwizi alitegemea kitu kimoja tu, nacho ni kwamba watu hawatajisumbua kumchunguza mtu mwenye doa. Na alikuwa karibu kufanikiwa. Je, si kweli kwamba mtego huo unatumika hata leo? Mara ngapi kitu kinapotea mahali, na macho yote yanamgeukia aliyewahi kukosea?

Mfano wa pili una fundisho zito zaidi. Ni hadithi ya Mjenzi wa Norwood, ya mwaka 1903. Kijana mwanasheria, John Hector McFarlane, anaingia Baker Street akihema, polisi wakiwa nyuma yake. Anatuhumiwa kumuua mzee aliyemwachia mali katika wasia. Inspekta Lestrade anafika kumtia nguvuni. Holmes anaomba nini? Anaomba nusu saa. Nusu saa tu, ili kijana aeleze habari yake mwenyewe kabla hajachukuliwa. Ushahidi wote unamwelemea kijana yule, na siku inayofuata mambo yanazidi kuwa mabaya, kwani ukutani inaonekana alama ya damu ya kidole gumba, nayo inalingana kabisa na kidole chake. Lestrade anashangilia. Kumbuka kwamba mwaka 1901, miaka 2 tu kabla ya hadithi hii, polisi wa London walikuwa wameanzisha idara ya alama za vidole, na elimu hiyo ilikuwa ngeni na ya kutisha. Nani angethubutu kubishana na kidole? Holmes alibishana nacho, kwa sababu moja: siku iliyotangulia alikuwa ameukagua ukuta ule mwenyewe, na alama haikuwapo. Kijana alikuwa ameshafungiwa mahabusu, sasa kidole chake kimefikaje ukutani? Mzee aliyedaiwa kuuawa alikuwa hai, amejificha ndani ya nyumba ile ile, na alama ile ya kidole aliinakili kutoka kwenye lakiri ya furushi la hati. Holmes akamwambia Watson awashe majani makavu, akawaambia askari wapige kelele za moto, na marehemu akatoka mbio. Fundisho ni lipi? Hata ushahidi wenye sura ya kisayansi unaweza kupikwa, na anayeshukiwa anastahili mtu wa kuuliza: alama hii imewekwa lini, na imewekwa na nani?

Sasa nije kwenye mfano wa tatu, ambao nauona una maana ya pekee kwetu. Ni hadithi ya Mnyonya Damu wa Sussex, ya mwaka 1924. Bwana Ferguson, Mwingereza, ameoa mke wa pili kutoka Peru. Mke huyo amekutwa na yaya ameinama juu ya mtoto wake mchanga, na shingoni mwa mtoto kuna jeraha linalotoka damu. Safari ya pili mume mwenyewe anamkuta, midomo yake ina damu. Kabla ya hapo alikuwa amempiga mtoto wa kambo, kijana wa miaka 15 mwenye ulemavu wa mgongo. Mgeni, mama wa kambo, midomo ina damu. Neno limekwisha kupatikana: huyu ananyonya damu. Pwani yetu ya Afrika Mashariki haihitaji kufundishwa hofu hii, maana vizazi vingi vimekua vikisikia habari za mumiani. Holmes anaingia katika nyumba ile, na hababaishwi na neno hilo hata kidogo. Anatazama ukutani, kwenye silaha za Amerika Kusini, anaona podo dogo la mishale ya ndege, nalo ni tupu. Anamtazama mbwa wa nyumbani, anaona miguu ya nyuma imepooza. Kisha, wakati baba anamkumbatia kijana wake na mara anamgeukia mtoto mchanga, Holmes anautazama uso wa kijana yule kwenye kioo cha dirisha, na anaona chuki ya wivu. Kijana alikuwa amemchoma mdogo wake kwa mshale wa sumu, baada ya kuijaribu sumu hiyo kwa mbwa. Mama alikuwa akiifyonza sumu ili mwanawe apone. Alinyamaza ili asimvunje mumewe moyo. Aliyeitwa mnyonya damu ndiye aliyekuwa mwokozi.

Msikilizaji, hebu tusimame hapo kidogo. Nchini Tanzania, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wameuawa vikongwe wengi kwa kuitwa wachawi, na dalili iliyotumika ilikuwa macho mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa kuni na samadi kwa miaka yote ya kuwapikia watoto na wajukuu. Dalili ilionekana, ndiyo. Macho yalikuwa mekundu kweli. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza: yamekuwa mekundu kwa nini? Hapo ndipo penye tofauti kati ya kuona na kuchunguza, tofauti ambayo Holmes haachi kumkumbusha Watson. Tunao msemo wetu, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Msemo huo una hekima yake, lakini ukiufanya kuwa sheria utamnyonga asiye na hatia. Hadithi za Holmes, moja baada ya nyingine, zinajibu kwamba lisemwalo huenda halipo, na huenda likawa limesemwa na mwenye kufaidika nalo.

Na ndiyo maana mpelelezi wa namna hii hakubaki London. Zanzibar tulimpata Bwana Msa, wa marehemu Muhammed Said Abdulla. Riwaya ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata tuzo ya kwanza katika shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la 1957 na 1958, ikatoka kitabu mwaka 1960, na baadaye zikafuata nyingine kama Kisima cha Giningi na Siri ya Sifuri. Bwana Msa anavuta kiko, ana sahibu yake Najum, na ana polisi wa kushindana naye kwa hoja, Inspekta Seif. Ujamaa wake na Holmes hauhitaji shahidi. Lakini angalieni alichokichagua mwandishi wetu kukichukua: alilileta swali la upelelezi mahali ambapo watu wanauogopa mzimu. Conan Doyle naye alifanya hivyo katika riwaya ya Mbwa wa Baskerville, iliyoanza kutoka mwaka 1901, ambamo ukoo mzima unaamini unaandamwa na jibwa la kuzimu, kumbe ni mbwa wa kawaida aliyepakwa dawa ya kung'aa gizani na mtu anayetaka urithi. London na Zanzibar zinakutana kwenye jambo moja: nyuma ya hofu hutafutwa mkono wa mtu, na mpaka uonekane, hakuna ruhusa ya kumtupia lawama yeyote.

Labda mtasema, hizo ni hadithi tu. Basi tutoke kwenye hadithi. Mwaka 1903 kijana mwanasheria aitwaye George Edalji, ambaye baba yake alikuwa kasisi wa asili ya Bombay, alifungwa huko Uingereza kwa madai ya kuwakata wanyama matumbo usiku mashambani. Conan Doyle alipokwenda kumwona, baada ya kutoka gerezani, alimkuta anasoma gazeti amelisogeza karibu kabisa na uso. Daktari yule aliyesomea pia macho akajiuliza: mtu asiyeona mbali kiasi hiki amevukaje mashamba na reli usiku wa giza, akakwepa walinzi? Aliandika magazetini mwaka 1907, na mwaka huo huo Edalji akasamehewa, ingawa hakulipwa fidia. Mwaka huo pia Uingereza ikaanzisha Mahakama ya Rufaa ya Jinai, na kesi ya Edalji ilikuwa miongoni mwa zilizosukuma jambo hilo. Kisha akamtetea Oscar Slater, Myahudi wa Ujerumani aliyehukumiwa Uskoti mwaka 1909 kwa mauaji. Slater alitoka gerezani mwaka 1927, na hukumu yake ikafutwa mwaka 1928. Mnawaona watu hao wawili? Mmoja mtoto wa Mhindi, mwingine Myahudi mgeni. Wote walikuwa wepesi kushukiwa. Kwa hiyo nisemapo kwamba moyo wa hadithi hizi ni kumtetea anayeshukiwa, siutungi. Ndio moyo aliouonyesha mwandishi mwenyewe kwa watu halisi.

Tuje kwenye pingamizi, maana hoja isiyopingwa haijapimwa. Wa kwanza atasema: huo ushahidi wenyewe mara nyingine ni dhaifu. Ni kweli. Katika hadithi mashuhuri ya mwaka 1892 kuna nyoka anayepewa maziwa na anayeitwa kwa mluzi, na wajuao nyoka hawakubali. Tena Holmes hukosea. Katika hadithi ya Uso wa Manjano, ya mwaka 1893, dhana yake yote inaanguka. Lakini tazama anachofanya baada ya kukosea. Anamwomba Watson kwamba siku akimwona amejiamini kupita kiasi, amnong'oneze jina la mahali pale aliposhindwa. Mpelelezi asiyekosea angetupendeza kwa siku moja. Anayeikubali kasoro yake ndiye tunayeweza kumwamini, kwa kuwa kukataa kuhukumu haraka kunaanzia kwenye kujua kwamba nami naweza kukosea.

Wa pili ana pingamizi zito zaidi. Atasema: huyu ni mtu wa dola ya kikoloni, na vitabu vyake vina dharau kwa watu wa rangi nyingine. Hilo nalo ni kweli, na halifai kufunikwa. Katika riwaya ya mwaka 1890 yumo mtu wa visiwa vya Andaman aliyechorwa kama mnyama, na katika hadithi moja ya mwaka 1926 Holmes anamkejeli mpiganaji ngumi mweusi kwa maneno ya aibu. Msomaji wa Afrika ana haki ya kuyakataa. Mimi nasema tuyakatae kwa kipimo cha Holmes mwenyewe. Kumdhania mtu ubaya kwa sura yake ni kuhukumu bila ushahidi, na vitabu hivi vinatufundisha kosa hilo lina ubaya gani. Tena ile hadithi ya Uso wa Manjano inaishia kwa mume Mwingereza kumkuta mtoto mweusi wa mkewe, aliyezaliwa katika ndoa ya kwanza na mtu mweusi wa Marekani, akamnyanyua, akambusu, na kumpeleka nyumbani kwake. Hilo halifuti lile la kwanza. Linaonyesha kwamba kanuni ni njema kuliko aliyeiandika, na sisi tunaweza kuichukua kanuni tukaiacha dharau.

Wa tatu atauliza: si mara nyingine anajifanya hakimu? Yule mwizi wa kito alimwacha aende zake. Naam, na hapo siwezi kumfuata moja kwa moja, kwani nchi haiwezi kuendeshwa kwa huruma ya mtu mmoja. Lakini alimwachia baada ya kuhakikisha kwamba kesi ya Horner itaanguka. Kwanza asiye na hatia awe salama, ndipo jambo la mwenye hatia lizungumzwe. Katika mpangilio huo hakukosea, na ni mpangilio ambao sheria zetu nazo zinauheshimu zinaposema kwamba mtuhumiwa hahesabiwi kuwa mkosaji mpaka ithibitike.

Basi, wasikilizaji wapenzi, tukusanye tuliyoyasema. Tumesema kwamba akili ya Sherlock Holmes inapendeza, lakini si hiyo iliyomdumisha. Tumemwona fundi bomba mwenye doa la zamani, kijana aliyebambikiwa alama ya kidole, na mama mgeni aliyeitwa mnyonya damu. Wote walikuwa wameshahukumiwa na midomo ya watu, na wote waliokolewa na mtu aliyeuliza swali moja zaidi. Nawaomba sana, hasa nyinyi vijana, zisomeni hadithi hizi, na mzisome pamoja na za Bwana Msa, ambazo ni zetu. Na siku mtakaposikia mtu akipigiwa kelele za mwizi barabarani, au ujumbe wa kumchafua mtu ukaingia katika simu zenu, msirushe jiwe na msiusambaze ujumbe. Ulizeni kwanza: nani ameona, ameona nini, na nani anafaidika? Kuuliza hivyo hakuhitaji kipaji cha mpelelezi, na kunaweza kuokoa maisha ya mtu.